Maneno ya Kuamuru na Maneno ya Kuugua: Msamiati wa Tiba Katika Nchi ya Kitale na Bungoma

Mwanafunzi anayeingia chuo cha uuguzi au cha utabibu katika mji wa Bungoma au wa Kitale huja na Kiswahili cha aina mbili. Cha kwanza ni kile alichofundishwa darasani, ambamo maradhi yamepangwa katika orodha za kukariri: kichocho, safura, matende, pepopunda, dondakoo. Cha pili ni kile cha sokoni na cha njiani, alichokiokota bila ya mwalimu. Afikapo wodini hukuta cha tatu, nacho ni Kiswahili cha mgonjwa. Hiki hakimo katika vitabu vya masomo yake, kwa kuwa masomo yenyewe hutolewa kwa Kiingereza. Wala hakimo katika zile orodha za darasani, ambazo zilikusanywa kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo una historia yake. Msamiati wa tiba ulioenea chini ya Mlima Elgon ulianza kwa maneno ya kuamuru, ukaongezewa maneno ya kutaja, na maneno ya kumsikiliza mgonjwa yakaachwa yajiokoe yenyewe.

Kiswahili hakikuletwa katika nchi hiyo na madaktari. Kililetwa na misafara ya pembe za ndovu iliyopumzika kwa Nabongo Mumia katika nusu ya pili ya karne ya 19, na pamoja nacho yakaja maneno ambayo pwani ilikuwa imekwisha kuyapokea kutoka Kiarabu: dawa, homa, afya, tabibu, tauni. Maneno hayo hayakukuta pengo. Wabukusu walikuwa na waganga wao, na neno lao kumusala lilikuwa na maana ya mti na ya dawa kwa pamoja, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili anayezungumza juu ya miti shamba hawezi kuliona kuwa geni. Yumkini neno dawa liliingia kwanza kama jina la kile kilicholetwa na mgeni, likatambaa polepole hadi likafunika na kile cha mwenyeji.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilifanya kazi kubwa kuliko misafara. Vijana wengi wa Kavirondo Kaskazini, kama wilaya hiyo ilivyoitwa wakati ule, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya kupigana na Wajerumani. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, hasa kuhara damu, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Waliorudi walirudi na Kiswahili cha kambi, na kwa wengi wao kambi ndiyo iliyokuwa mahali pa kwanza kupimwa na kutibiwa na mtu mgeni aliyetumia lugha ngeni. Ni vyema jambo hili lisisahauliwe: katika sehemu hizi, mazungumzo ya kwanza ya tiba kwa Kiswahili yalifanyika baina ya mwenye cheo na asiye na cheo.

Baada ya vita hivyo, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wakiwamo askari wa Kizungu waliopewa mashamba kwa mpango wa mwaka 1919. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukawa soko la mahindi la walowezi. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, wengi wao wakiwa Wabukusu kutoka ng'ambo ya kusini, na lugha ya shamba ikawa Kiswahili cha bara. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake kiitwacho Up-Country Swahili, ambacho jina lake refu linawataja waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Mganga wala muuguzi hakutajwa, ingawa katika mashamba mengi mke wa mlowezi ndiye aliyekuwa akigawa dawa na kufunga vidonda vya wafanyakazi.

Si haki kukilaumu kitabu hicho kwa kupunguza sarufi, maana hiyo ndiyo kazi kiliyojipa. La muhimu kwa mwanaisimu ni kuangalia ni sehemu gani za sarufi zilizobaki hai katika Kiswahili cha namna ile. Kilichobaki ni kitenzi cha amri na swali la ndiyo au siyo. Kwa Kiswahili hicho mtu aweza kusema: fungua mdomo, toa ulimi, meza dawa, rudi kazini. Aweza kuuliza: wewe mgonjwa? Hawezi kwa urahisi kusema: naomba unyooshe mkono nikuangalie, au, nieleze maumivu yalianzaje na yamekwenda wapi. Upole wa Kiswahili hukaa katika viambishi, yaani katika ile hali ambayo kitenzi huishia kwa e (unyooshe, uniambie, tuone), na viambishi ndivyo vilivyotupwa kwanza. Hata leo mwanafunzi wa uuguzi aliyezaliwa miaka mingi baada ya walowezi kuondoka husikika akimwambia bibi wa miaka 70: lala hapo, geuka, vuta pumzi. Wala si utovu wa adabu. Ndicho Kiswahili cha hospitali alichokikuta.

Upande wa Bungoma mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wamisionari wa Kikwekwa walifika Kaimosi mwaka 1902, na daktari wao wa kwanza, Elisha Blackburn, akafika mwaka 1903. Kazi yao ilienea kaskazini hadi nchi ya Wabukusu, ambako hospitali ya Lugulu ingali inafanya kazi. Wamisionari walipenda lugha za wenyeji kuliko Kiswahili, lakini lugha za wenyeji zilikuwa nyingi. Vitabu vya dini vilivyopatikana mapema vilikuwa vya Kilogoli, ambacho Mbukusu hakukihesabu kuwa chake. Katika miaka ya 1940 palikuwa na juhudi, zilizoongozwa na Bi. L. L. Appleby wa misioni ya Kianglikana, za kuunda Kiluhya kimoja cha maandishi. Wabukusu na Walogoli hawakukipokea kwa moyo mmoja, na juhudi hizo zikafifia. Matokeo yake kwa tiba hayakukusudiwa na mtu yeyote. Kwa kuwa hapakuwa na lahaja moja ya Kiluhya iliyokubaliwa na wote, na kwa kuwa Wasabaoti wa mlimani na Wateso wa upande wa mpakani hawakuwa Waluhya kamwe, Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya wodi bila ya kupigiwa kura.

Wakati huo huo Kiswahili chenyewe kilikuwa kikisanifiwa mbali na Elgon. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Majina ya maradhi yaliyoingia katika kamusi yalikuwa majina ya pwani na visiwani, na kwa haki kabisa, kwa sababu huko ndiko yalikokuwa yameundwa na watu walioyaugua. Lakini Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari. Jina lililoundwa katika minazi huweza kufika mlimani likiwa zima kwa sauti na limepinda kwa maana.

Mfano ulio bora ni matende. Pwani, matende ni uvimbe wa miguu unaoletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Katika miteremko ya Mlima Elgon uvimbe unaofanana na huo huonekana pia. Lakini uchunguzi uliofanywa upande wa Uganda, katika wilaya ya Kapchorwa, na kutangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba wagonjwa wa huko hawakuwa na minyoo hiyo. Ugonjwa wao hutokana na kutembea bila viatu, miaka nenda miaka rudi, juu ya udongo mwekundu wa asili ya volkano. Kinga ya ule wa kwanza ni dhidi ya mbu. Kinga ya huu wa pili ni viatu, maji na sabuni. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili. Mwanafunzi aliyekariri kwamba matende huletwa na mbu, akipelekwa kwenye zahanati ya mlimani, atatoa shauri la kununua chandarua kwa mtu anayehitaji viatu. Kosa hapa si la neno. Neno matende linataja kile kinachoonekana kwa macho, kama yafanyavyo majina mengi mazuri ya Kiswahili. Waliolifunga kwenye sababu moja ni watunga orodha.

Mafunzo rasmi ya Waafrika katika kazi za tiba yalianza Nairobi mwaka 1927, katika kile ambacho baadaye kikawa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho hivi leo kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye. Kutoka kwa wasaidizi wa namna hiyo, ambao sehemu nyingine za Afrika Mashariki waliitwa madresa, ndipo msamiati wa wodi ulipoundwa hasa. Hawakuacha kamusi, na hakuna aliyewahesabu kuwa watunga istilahi. Hata hivyo mwenye kutaka kujua kazi yao aangalie neno chanjo. Kuchanja kulikuwa kukata mwili kwa wembe na kupaka dawa katika chale, kazi ya mganga. Ulipokuja ulinzi dhidi ya ndui, ambao nao ulitolewa kwa kukwaruza ngozi, neno la mganga lilihamia kwa msaidizi wa serikali likiwa na imani yake yote. Baadaye sindano ikaja, kisha matone ya kinywani ya kukinga polio, ambayo hayakati kitu. Na bado mama humpeleka mtoto kupata chanjo. Ndui yenyewe imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na jina lake limebaki katika orodha za wanafunzi ambao hawataiona.

Kuna upande mwingine wa historia hii usiopendeza. Mwaka 1945 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyekuwa akiwapinga watawala katika nchi ya Kimilili, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi mwaka 1947. Mwaka 1948 dini yake ikapigwa marufuku. Je, alikuwa mgonjwa? Hilo wanahistoria wamelijadili vya kutosha. Kwa somo la msamiati inatosha kuona kwamba neno wazimu, lenye mzizi mmoja na mazimu, lilikuwa tayari kutumika kwa mtu ambaye watawala hawakumwelewa. Na kwamba misambwa, yaani mizimu ya wahenga ambayo jina lake lilibebwa na dini hiyo, kwa Wabukusu wengi ilikuwa mojawapo ya asili za maradhi. Mgonjwa aliyesema kwamba anasumbuliwa na misambwa alikuwa akitoa maelezo ya ugonjwa kwa lugha yake. Aliyemwandika kuwa ana wazimu alikuwa akifanya tafsiri, tena tafsiri mbovu. Maneno ugonjwa wa akili, msongo na sonona yaliyokuja baadaye ni ya heshima zaidi, lakini mzee wa Kimilili hasemi kuwa ana sonona. Husema usingizi umemkataa, au moyo ni mzito, au anafikiri sana. Hayo ndiyo maneno ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyatambua.

Baada ya uhuru, Tanzania na Kenya ziliachana njia. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusoma, na takriban watu milioni mbili walishiriki. Huko pia kilitafsiriwa kitabu cha David Werner kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, ambacho kilivuka mpaka na kuwafaa Wakenya vilevile. Mwaka 2003 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba. Kenya ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya Bunge mwaka 1974, ikakifanya somo la lazima la mtihani kuanzia mwaka 1985, na katika Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini vyuo vya tiba viliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na hata katika sifa za kuingilia kozi nyingi alama ya Kiingereza au ya Kiswahili hukubaliwa mojawapo, kana kwamba moja yaweza kufanya kazi ya nyingine mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Istilahi zilizofaulu katika miaka hiyo zinafundisha jambo. Ukimwi ulipata jina fupi linalotamkika, na kila mtu akalitumia. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, neno barakoa, ambalo lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu wa Oman na Zanzibar, lilitolewa sandukuni na kuenea hadi Chwele na Kiminini katika miezi michache. Kwa upande mwingine, shinikizo la damu limebaki kwenye mabango. Wodini ni presha. Na presha ina hatari yake, kwa kuwa kwa mgonjwa ni jina la ugonjwa, ilhali kwa muuguzi ni kipimo ambacho kila mtu mzima anacho. Akiulizwa kama ana presha, mzima hukana na mgonjwa hukiri, lakini aliyeacha kumeza tembe kwa sababu kipimo kilirudi sawa hukana pia, naye ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Yapo maneno manne ambayo mwanafunzi wa Kitale au Bungoma angepaswa kuyajua kabla ya istilahi yoyote. La kwanza ni uchungu. Pwani, uchungu ni ladha ya shubiri, ni majonzi, tena ni uchungu wa kuzaa. Jino na goti huwa na maumivu. Bara, uchungu umeyatwaa maumivu yote. Mama mwenye mimba ya miezi saba anaposema anasikia uchungu, anaweza kuwa na maana ya mgongo, na anaweza kuwa na maana ya jambo la kumkimbiza chumba cha kujifungulia. Swali la kumwokoa si gumu: unakuja na kuondoka, au umekaa tu? Likifuatwa na vitenzi vya maumivu, ambavyo Kiswahili kinavyo kwa wingi (huchoma, hukata, husokota, huwasha, hupwita), mgonjwa hueleza mwenyewe. Kichomi kilipata jina lake kutokana na kitenzi kama hicho, na malale kutokana na kulala: majina yaliyotoka mdomoni mwa mgonjwa kabla hayajafika kwenye kamusi.

La pili ni homa. Katika kamusi ni joto la mwili. Katika nyumba nyingi za bara ni mafua ya kawaida, na joto la mwili huitwa malaria, liwe limeletwa na mbu au na jambo jingine. Mzazi akisema mtoto ana homa tu, neno hilo tu lisimpumzishe msikilizaji. La tatu ni mguu, pamoja na mwenziwe mkono: mguu ni kuanzia pajani hadi unyayoni, na mkono ni kuanzia begani hadi kwenye kucha, hivyo aliyetafsiri moja kwa moja kutoka Kiingereza ataandika mahali pasipo.

La nne ni saa, na hapa ndipo lugha inapogusa kipimo cha dawa. Mwanafunzi amefundishwa kwa Kiingereza kwamba dawa humezwa saa 8 asubuhi na saa 8 usiku. Akilitamka tarakimu hilo kwa Kiswahili bila kuligeuza, mgonjwa husikia saa nane, yaani alasiri mapema na usiku wa manane. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi, zinazotaka saa zisizobadilika, hawezi kuachiwa shaka hiyo. Neno kutwa nalo lina mtego wake: kwa asili kutwa ni mchana, na usiku ni kucha, hata mwenye kuambiwa meza kutwa mara tatu ana haki kamili ya kuvimaliza vidonge vyake vitatu kabla jua halijatua. Wauguzi wazoefu huepuka yote mawili, wakasema: baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala.

Lipo neno jingine ambalo halikutokana na wagonjwa, bali na magazeti na mahakama. Katika vurugu za 1991 hadi 1993, na tena katika mapigano ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008, watu waliokimbia makwao walitafuta hifadhi na matibabu katika miji ya chini. Wakati kama huo lugha ya mama ilikuwa ikimtambulisha mtu ni wa upande gani, na Kiswahili ndicho kilichomruhusu Msabaoti na Mbukusu kulala vitanda vinavyofuatana. Miongoni mwa waliofika walikuwamo wanawake waliotendewa ukatili. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ilikuwa imepitishwa mwaka 2006, na neno ambalo Kiswahili cha Kenya kilikuwa nalo tayari kwa kosa hilo ni kunajisi. Lina asili ya najisi, yaani uchafu unaomzuia mtu hata kusali. Muuguzi anayemuuliza mwanamke kama amenajisiwa amemwambia, kabla ya kumpima, kwamba ni yeye aliyechafuka. Kubaka ni kitenzi cha mtenda kosa, na uchafu wake humwangukia yeye. Wako wauguzi wasiotumia lolote kati ya hayo mawili. Huuliza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: kuna mtu aliyekulazimisha?